Umenunua Injini, Hukununua Helikopta

Chini ya mkunazi wa shangazi yangu pale Rukanga kuna injini. Imelazwa ubavu juu ya gurudumu kuukuu, imefunikwa gunia, na kuku mmoja asiye na heshima ameamua kwamba pale palipokuwa na turbo ndipo pa kutagia mayai. Ukiinua gunia utaona tundu kwenye bloku, kubwa kama ngumi ya mtoto, mahali ambapo mkono wa pistoni ulikatika ukatokea nje. Lita mbili, silinda nne, turbo. Ilinunuliwa kwa ekari mbili za shamba.

Wiki jana binamu yangu amenipigia simu. Kuna injini nyingine Mombasa, kamili, imetoka Japani, ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Anataka ekari mbili zilizobaki ziuzwe, na anataka niwe upande wake siku ya kikao cha familia, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma na "wewe si unaelewa magari."

Naelewa kiasi. Ndiyo maana naandika hii badala ya kumjibu kwa simu. Ugonjwa alio nao si wake peke yake. Nimeuona Thika Road usiku, nimeuona kwenye maegesho ya Naivasha, nimeuona kwa watu wenye digrii mbili. Baadhi yao wanasoma jarida hili. Tukikosana, basi tukosane.

Mjini kuna dini inaitwa cc. Waumini wake hawaulizi gari linabeba nini wala linafika wapi. Wanauliza cc ngapi, na "iko na turbo?" Ukija na Vitz unasalimiwa kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. "Hiyo si ni ya silinda tatu?" Kicheko. Halafu mmoja anafungua boneti lake polepole, kama padri anayefungua tabenakulo, na sisi wote tunainama kuangalia mabomba.

Mimi pia huinama. Sitawadanganya. Nilifundishwa injini na mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa malori ya barabara ya Mombasa kabla ya kurudi nyumbani kufuga mbuzi. Pasaka ikifika alikuwa na redio yake ya betri, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa stesheni mpaka Safari Rally iishe. Mama yangu alitaka misa, mjomba alitaka KBC. Safari ile ya zamani ilikuwa na kawaida ya kushuka upande wa pwani na kuzunguka vilima vya Taita, kwa hivyo kwetu hayakuwa mambo ya televisheni. Vumbi lilikuwa letu. Nikiwa darasa la nne nilijua kutofautisha kabureta na pampu ya mafuta kabla sijajua kutofautisha kivumishi na kielezi.

Kwa hivyo anayeniambia nina wivu, au eti mimi ni wa kupanda SGR na kusoma mashairi, amekosea mtu.

Twende Naivasha kwanza, maana huko ndiko binamu alikookoka. Mbio za ubingwa wa dunia ziliondoka Kenya baada ya 2002 na zikarudi 2021. Tangu hapo kila mwaka barabara inajaa, nyama inachomwa, ekzosi zinapasua hewa kuanzia Limuru mpaka ziwani, na Jumatatu watu wanarudi kazini na macho mekundu. Binamu alienda 2022. Alirudi Voi akiongea kwa sauti ya juu, kama mtu aliyesimama karibu na spika siku tatu.

Lakini kuna kitu hakukiona huko, na nadhani hata wewe uliyekuwa umesimama karibu naye hukukiona. Sébastien Ogier alishinda 2021, Kalle Rovanperä 2022, Ogier tena 2023, Rovanperä tena 2024, Elfyn Evans 2025. Wote wakiwa na Toyota. Na injini iliyokuwa mbele yao ilikuwa ya ukubwa gani? Lita 1.6. Yaani watu wanasafiri kilomita tisini kumpigia makofi mtu mwenye injini ya lita 1.6, halafu kwenye maegesho wanamcheka mwenye 1.5.

Kuna zaidi. Toyota hiyo hiyo ilitoa gari la barabarani, GR Yaris, 2020, na chini ya boneti lake ikaweka injini ya cc 1618 yenye silinda tatu. Tatu, wasee. Toleo la Ulaya lilitoka na nguvu za farasi 261. Na Yaris ni nani? Kule Japani gari hilo liliitwa Vitz mpaka mwanzoni mwa 2020, jina likabadilishwa. Kwa hivyo mwana wa Vitz, wa silinda tatu kama Vitz ile ya lita moja mnayoitungia vichekesho, ndiye anayetamaniwa leo na kila mtu anayejua anachokizungumzia.

Mahali palipotuacha ni hapa: injini nzuri haipimwi kwa ukubwa. Inapimwa kwa kinachotoka ukilinganisha na kilichoingia na uzito uliobebwa. Chukua Volkswagen ile ya mgongo wa kobe iliyoshinda mbio za kwanza kabisa, 1953, zilipokuwa zinaitwa Coronation Safari kwa sababu malkia wa Uingereza alikuwa anatawazwa. Injini haikufika hata lita 1.2 na ilikuwa na farasi 25 hivi. Hesabu: farasi 22 kwa kila lita. GR Yaris ni kama 161 kwa kila lita. Katikati ya hizo namba mbili kuna miaka karibu sabini ya watu kutafuta namna ya kuingiza hewa nyingi ndani ya chumba kidogo bila chumba kupasuka. Hiyo ndiyo historia nzima ya injini ya gari la michezo. Mengine ni rangi na stika.

Na ile kobe ikashinda tena 1954, ikashinda 1957, ikashinda 1962. Haikuwa na rejeta, kwa hivyo haikuwa na cha kuchemsha. Ilikuwa nyepesi, ikikwama matopeni watu wanne wanaiinua na kuitoa. Mjomba alikuwa akiisema kama mtu anayemsema marehemu mzuri.

Sasa weka kando yake Lancia Stratos. Hapo ndipo ningependa waumini wa cc wakae chini. Stratos ilitengenezwa kwa kazi moja tu, kushinda mbio. Injini ya V6 ya lita 2.4 iliyotoka kwenye Ferrari Dino, ikawekwa nyuma ya dereva, gari lenyewe likiwa na uzito wa karibu tani moja. Kama unataka picha ya injini ndogo, nyepesi na kali ya gari la michezo, hiyo ndiyo. Ilileta ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Safari haikushinda hata mara moja. Mwaka 1975 ilikuja ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504, gari ambalo nusu ya wazee wa Voi wamewahi kulipanda kwenda matangani. Porsche 911 nayo ilikuja ya pili 1974, ikaja ya pili tena 1978. Ile ya 1974 ilishindwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 yenye kabureta, iliyoendeshwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtu aliyekuwa fundi kabla hajawa dereva. Alishinda tena 1976, na Lancer zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Huyo Singh ushindi wake wa kwanza, 1965, aliupata na Volvo iliyokuwa tayari imetumika mbioni na watu wengine. Mtumba! Akiwa na ndugu yake pembeni. Nawaza kama angekuja leo pale maegesho ya Naivasha na ile Volvo, tungempa hata nafasi ya kuegesha?

Lakini gari ninalolipenda kuliko yote hayo halikushinda kitu, na wengi wenu hamjawahi kulisikia. Mwaka 1993 Subaru ilileta Kenya gari linaitwa Vivio. Ni kigari cha daraja la chini kabisa Japani, kile wanachotumia kwenda sokoni na kupeleka watoto chekechea. Uzito wake kama kilo 700. Injini cc 658. Nimesema mia sita hamsini na nane. Kuna pikipiki zimeipita. Ndani ya hizo cc 658 kuna silinda nne, vali 16, na kompresa inayozungushwa na injini yenyewe kusukuma hewa ndani. Toleo la barabarani lilitoa farasi 64, maana watengenezaji wa Japani hawapitishi hapo kwa magari ya daraja hilo. Piga hesabu: farasi 97 kwa kila lita, katika kitu kinachoingia chini ya kitanda.

Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye, alipewa Vivio moja. Haikufika mwisho. Nyingine alipewa Patrick Njiru, wetu. Njiru aliifikisha. Alimaliza wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake, kwenye barabara ambazo zilikuwa zinavunja magari ya mara tatu ya hilo. Mjomba alipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Kila mtoto wa nchi hii anayejua jina la kila mchezaji wa Arsenal angepaswa kujua hilo pia, lakini haya, hiyo ni kesi nyingine.

Nasikia mtu anasema: wa 12 si kitu, nani alikuwa wa kwanza? Swali zuri, ndilo nililokuwa nalisubiri. Wa kwanza 1993 alikuwa Juha Kankkunen na Toyota Celica, lita mbili, turbo, magurudumu manne yanavuta. Wa pili Celica. Wa tatu, Ian Duncan wa hapa hapa Kenya, Celica. Wa nne Celica. Kwa hivyo ndiyo, nguvu inashinda. Sijawahi kukana. Lita mbili na turbo ndiyo mashine ile ile aliyoinunua binamu, kwa maneno. Tofauti ni moja.

Celica ilikuwa na helikopta.

Simaanishi utani. Timu za viwanda enzi hizo zilikuwa na helikopta juu ya gari, zikiangalia mbele kama kuna ng'ombe, lori au twiga, na mafundi ndani yake wakiwa tayari kushuka. Kila baada ya kipande cha barabara kulikuwa na watu wanasubiri na vifaa: breki mpya, shoka mpya, magurudumu mapya, turbo mpya, hata gia mpya, zikibadilishwa kwa dakika. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa mpaka usawa wa paa ili injini isinywe maji ya mto wala vumbi. Mafuta yao walikuja nayo. Gari lilifanyiwa majaribio kwenye barabara zetu wiki kwa wiki kabla ya siku yenyewe. Ile injini ya Celica ilikuwa mtu mmoja ndani ya kijiji kizima kilichoamka kumhudumia. Unapoitoa pale kijijini mwake na kuileta Rukanga peke yake, umeleta yatima.

Hili ndilo dai langu, na siombi radhi. Injini ndogo yenye nguvu nyingi ni kitu cha ajabu, lakini ni mkataba. Kila farasi unaomwongeza kwa lita moja analipiwa mahali: kwenye joto, kwenye oili, kwenye ubora wa petroli, kwenye mkono wa fundi. Injini ya petroli haigeuzi hata nusu ya moto wake kuwa mwendo. Mwingine wote ni joto linalotafuta pa kutokea. Turbo inazungushwa na moshi uliotoka moja kwa moja kwenye moto huo, inazunguka makumi elfu ya mara kwa dakika, na kinachoitenganisha na kifo ni utando mwembamba wa oili. Oili ikizeeka, ikipungua, au ukizima gari ghafla baada ya kulikimbiza, utando unaungua. Haitakuambia siku hiyo. Itakuambia siku unayoihitaji.

Na petroli je? Japani injini hizo husetiwa kwa petroli ya okteni karibu 100. Hapa unaweka Super ya kawaida, ambayo haifiki huko. Okteni ndogo maana yake mchanganyiko unalipuka kabla ya zamu yake, pistoni ikiwa bado inapanda, na inagongwa kichwani. Ukisikia mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, ndio huo. Mjini unaweza kutafuta petroli nzuri zaidi. Rukanga petroli inauzwa kwa chupa, dukani, kando ya mafuta ya taa, na chupa imekaa juani tangu asubuhi. Binamu aliinunua hiyo. Angenunua ipi?

Gari lake silitaji jina na aliyemuuzia simtaji, maana kosa halikuwa la chuma. Fundi mmoja wa Voi alimweleza yote niliyoeleza hapo juu, kwa maneno mafupi kuliko yangu, akiwa amelala chini ya gari na spana mdomoni. Badilisha oili mapema. Usizime ikiwa moto. Rejeta hii imeziba, tuioshe. Binamu akasema atarudi mwisho wa mwezi. Badala yake mwisho wa mwezi alibadilisha ekzosi ili isikike vizuri.

Cha kuchekesha, kama kuna mtu anataka kucheka, ni kwamba binamu huyo huyo aliwahi kufanya kibarua cha kupima miti. Msitu wetu unahesabiwa, labda mnajua. Mradi wa hewa ya ukaa wa Kasigau, 2011, ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuthibitishwa chini ya kiwango kinachoitwa VCS. Takribani hektari 200,000 za msitu mkavu kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi; miti ikiachwa isichomwe makaa, tani za kaboni zilizobaki ndani yake zinauzwa kama hati. Mwaka 2016 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilitoa hati fungani ya dola milioni 152, ambapo mwekezaji angeweza kuchagua kulipwa riba yake kwa kaboni ya Kasigau, na aliyesimamia bei ya hiyo kaboni alikuwa BHP, kampuni ya kuchimba madini. Binamu alizunguka na utepe akipima viuno vya miiba na mibambara, anaandika kwenye daftari. Alijua mti fulani una kilo ngapi. Oili kwenye gari lake hakujua ina lita ngapi.

Basari za mradi zimesomesha watu kwetu, dada yangu akiwa mmoja, kwa hivyo simungunyi mkono ulionilisha. Lakini angalia picha yote. Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Mtu wa mbali ana gari lake la michezo, anachoma lita yake, na kama roho inamsuta kuna soko ambalo linamuuzia utulivu kwa jina la mlima wangu. Sisi tunaambiwa tusikate mti. Sawa, tusikate. Halafu kijana aliyekuwa analinda hiyo miti anauza shamba ili naye awe na moshi wake mwenyewe. Na moshi wenyewe haumfikishi hata Maungu.

Hapo nimeruka, ngoja nirudi kwenye usiku ule.

Shangazi, mama yake, aliumwa na kifutu akitoka jikoni. Saa tatu usiku. Mimi nilikuwa nimekuja kwa likizo. Binamu hakusita hata kidogo, hilo nampa. Alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza kwamba hilo gari ni ambulensi ya familia. Tulimweka nyuma, mguu umeinuliwa juu ya mapaja yangu, umeanza kuvimba kama unga uliokandwa. Akaondoka kwa kasi. Mchanga wa njia ile unalivuta gari kama mikono, kwa hivyo unakanyaga gia ndogo na mzunguko mkubwa, injini inafanya kazi kubwa huku hewa ya kuipoza ni kidogo. Mshale wa joto ulipanda. Nilimwambia. Akasema tukifika lami itashuka. Nikanusa ule utamu wa maji ya rejeta. Halafu tukasikia yale misumari kwenye kopo, kisha kishindo kimoja, kama mtu amepiga ngoma mara moja na kukatazwa.

Giza. Kimya. Taa za mbele bado zinawaka, zinaangaza mavumbi. Mahali pale ndovu hupita, na sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Aliyetutoa ni kijana wa Jora, wa boda. Tulimpigia, akaja na pikipiki yake ya cc 125, silinda moja, inayopozwa na upepo. Tulimfunga shangazi kwa leso katikati yake na yangu. Watu watatu, mmoja anatapika, mchangani, usiku. Ile injini haikubadilisha sauti. Ilikuwa na sauti ya cherehani. Yule kijana alikuwa anaongea na shangazi njia nzima, anamuuliza majina ya mbuzi wake mmoja mmoja ili asilale. Maungu tukapata Probox, Voi tukafika, hospitalini wakamshughulikia. Shangazi yuko hai, anachechemea kidogo, na mdomo wake haujapungua.

Najua mtakachosema: hiyo ni bahati mbaya, mtu mzembe, usilaumu turbo. Silaumu turbo. Nimemaliza nusu ya makala hii nikiisifu. Nawalaumu ninyi na mimi, tuliomfundisha binamu kwamba heshima iko kwenye namba iliyoandikwa mgongoni mwa gari, na tukanyamaza kuhusu kijiji kinachotakiwa nyuma ya namba hiyo. Ukiwa Kilimani na gari lako likichemka, helikopta yako ipo: una gereji tatu kwenye mtaa mmoja, una bima, una wa kukuvuta, una Uber. Video unayopiga usiku ukipasua ekzosi pale chini ya daraja haionyeshi hayo. Inaonyesha moto na sauti tu. Aliye Rukanga anaitazama kwa bando la shilingi ishirini na anaamini alichoona ndicho kilichopo.

Na mkono wa fundi ndio tunaoudharau kuliko yote. Yule wa Voi aliyekuwa chini ya gari ana elimu ambayo Joginder Singh angeitambua mara moja. Anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Tunamlipa kwa kumpunguzia bei, halafu tunaenda kumlipa mtu wa stika bila kuuliza. Nikiwa na pesa za kufadhili mbio mimi, tuzo ya kwanza ningempa fundi ambaye gari lake lilirudi nyumbani na injini ile ile iliyotoka nayo. Zawadi za dereva zingefuata kama zimebaki.

Sasa shamba. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo ninapokasirika kabisa.

Mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani waliuteka Kasigau wakitokea upande wa Tanganyika. Waingereza wakadai wenyeji waliwasaidia. Adhabu yake ikawa watu wa Kasigau kuhamishwa, kijiji kwa kijiji, kupelekwa Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea maji baridi na hewa kavu, wakawekwa pwani penye malaria. Wengi walifia huko. Waliporuhusiwa kurudi kwenye mlima wao ilikuwa 1936. Miaka ishirini na moja. Nyanya wa nyanya yangu aliondoka na watoto na akarudi na wachache wao, na hizo ekari nne ninazozizungumzia ni sehemu ya mahali alipokaa chini aliporudi. Mkunazi ule ulikuwepo.

Nilimwambia binamu hayo kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Najua, bro. Lakini hii injini iko sawa, imefanyiwa servisi Japani, kilomita ziko chini." Nikamuuliza oili yake itakuwa ya aina gani. Akasema ataniuliza mimi.

Nikamwambia kuna njia nyingine. Auze hilo bodi na hiyo injini ya kuku kwa kilo, atafute kigari kidogo, cha cc 660 hata, au pikipiki mbili aajiri mtu. Ushuru wenyewe unakupunguzia ukikaa chini ya cc 1500, serikali kwa mara moja imefikiria kama mjomba. Nikamtumia picha ya Vivio ya Njiru ikiwa imejaa tope. Akaniletea emoji ya kucheka machozi, halafu akaandika: hii ni ya nani, ya mtoto?

Kikao ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mkunazi. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa usiku, nitashuka Maungu na yule kijana wa Jora atanichukua. Shangazi ameshasema yeye ndiye atazungumza wa kwanza, na ametuma ujumbe kwamba mtu yeyote asimfukuze kuku, ameanza kuatamia.